Mjomba, havijafa, vimefubaa

Shikamoo mjomba,

Umeniruhusu niandike haya hadharani mradi jina lako nisilitaje, kwa sababu unasema pale Kibirizi, Kigoma, mnaojiuliza swali hili ni wengi, ila kila mtu analiuliza moyoni: kipimo kikisema virusi vya UKIMWI havionekani, kwa nini niendelee kumeza dawa? Basi najibu kwa wote.

Ulinionyesha karatasi ya majibu siku ile tunaanika dagaa, umeikunja mara nne. Imeandikwa virusi havionekani. Aliyekusomea akasema "hakuna", na neno hilo moja likakutosha. Kopo la dawa likapanda juu ya kabati, na ile pamba uliyoijaza ili vidonge visilie ukitembea nalo. Siku 19. Sikukugombeza, mimi ni mtoto kwako, lakini usiku huo sikulala.

Tazama jina tulilozipa dawa hizi: dawa za kufubaza virusi. Aliyelibuni, simjui, alikuwa mkweli. Kanga ikifubaa haijachanika, bado ni kanga.

Kirusi kikiingia kwenye chembe nyeupe ya damu hakikai ukumbini kama mgeni. Kinajiandika ndani ya vinasaba vya chembe yenyewe. Vidonge vyako vinazuia kisijiandike kwenye chembe nyingine, ila kilichokwisha kuandikwa havikifuti. Na baadhi ya chembe hizo zinalala. Iliyolala haitengenezi virusi, kwa hiyo dawa haina cha kushika na kinga ya mwili haina cha kutambua. Kibaya zaidi, nyingi ni chembe za kumbukumbu, ndugu wa zile zinazokumbuka surua uliyougua utotoni ili isikurudie. Kuishi miaka mingi ndiyo kazi yake. Ni chache mno, pengine moja katika kila milioni ya chembe nyeupe za aina hiyo zilizopumzika. Watafiti wa Marekani walizikuta mwaka 1997 kwa watu ambao damu yao ilionekana safi. Baadaye wakapiga hesabu: hupungua kwa nusu kila baada ya miezi 44 hivi, kwa hiyo ukitegemea vidonge peke yake hadi ziishe, utameza zaidi ya miaka 70. Tena zinajigawa zikiwa bado kimya, na kila pacha anazaliwa na maandishi yale yale.

Wewe ni mvuvi, hili unalijua kuliko mimi. Usiku wa mbalamwezi taa haivuti dagaa, mnavuta mitumbwi pwani mnalala. Sijawahi kusikia mtu akisema ziwa limekwisha. Kipimo nacho kinahesabu virusi vinavyoelea kwenye damu tu, na vikishuka chini ya nakala 50 hivi kwa mililita vinaitwa havionekani. Kwenye matezi na kuta za utumbo hakichungulii. Ukiacha dawa, kwa watu wengi virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne.

Kuna mtoto alizaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 2010, akaanzishiwa dawa kabla hajatimiza siku mbili. Akiwa na miezi 18 hivi zikakatika, na virusi havikuonekana kwa zaidi ya miaka miwili. Dunia ikashangilia kwamba amepona. Mwaka 2014 vikarudi.

Waliopona kweli wapo, usidhani nakuficha. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alikuwa na saratani ya damu. Mwaka 2007, na tena 2008, alipandikizwa uboho wa mtu ambaye chembe zake zimezaliwa bila mlango ambao kirusi hupitia. Hakuhitaji tena dawa za kufubaza, na alipofariki mwaka 2020 iliyomuua ni saratani iliyorudi. Akafuata Adam Castillejo wa London, na wengine wa kuhesabika. Lakini upandikizaji huo wenyewe unaweza kuua. Walifanyiwa kwa kuwa saratani ilikuwa inawamaliza. Wewe unavuta nyavu usiku kucha, nani akuingize huko?

Wengine wanajaribu jambo ambalo ungelicheka: kuwasha taa. Wanatoa dawa ya kuziamsha chembe zilizolala zijitokeze, kinga izimalize. Baadhi zimeamka kweli, ila zilizobaki hazikupungua kwa maana yoyote. Wengine wanataka kinyume, wazilaze kabisa zisiamke milele. Wengine wanatafuta mkasi wa kukata maandishi yale kwenye vinasaba. Mimi dau langu liko kwenye mkasi, ila si wa mwaka huu.

(Na wale vijana wa bandarini wanaosema ugonjwa ulitoka hifadhi ya Gombe, jirani yenu, waambie hapana. Sokwe wa Gombe wana kirusi cha ukoo huo na kinawaua, lakini kilichosambaa kwa watu kilitoka kwa sokwe wa Kameruni.)

Kuhusu mama watoto, hofu yako naijua. Virusi vikiwa havionekani na dawa unameza kila siku, humwambukizi kwa kujamiiana. Hiyo ndiyo maana ya karatasi yako, na si kitu kidogo. Ila kwa siku hizi 19 siwezi kukuhakikishia, kwa hiyo tumieni kondomu hadi upimwe tena.

Nimeangalia kadi yako, kliniki ni Jumanne. Mbalamwezi itakuwa imewaka, hutakuwa ziwani. Nitakupitia saa mbili asubuhi twende wote, na nesi umwambie siku zote 19, usipunguze hata moja. Kidonge anza leo usiku. Pamba kama hutaki kuitoa kwenye kopo, iache.