Maji Hayo ni ya Nani?

Dodoma,
Agosti.

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Sisi ni wazima, na ni matumaini yangu kwamba wewe na familia hamjambo. Barua yako niliipata siku nyingi, ila kusahihisha mitihani kumenichelewesha kuijibu. Umeniuliza jinsi ninavyoiendesha ile klabu ya mchezo wa kuigiza mezani, na kama mwalimu mwenye mzigo wa vipindi kama wetu anaweza kuimudu. Anaweza, ingawa kilichonitoa jasho mimi si kile ulichokitaja wewe.

Mchezo wenyewe hauna ugumu. Wachezaji wanne hadi sita huzunguka meza, kila mmoja akiwa na mhusika wake ambaye uwezo na udhaifu wake umeandikwa kwenye karatasi, na mtu mmoja, ambaye wanafunzi wangu wanamwita Msimulizi, hueleza mahali walipo na kinachowakabili, kisha huuliza: “Unafanyaje?” Jambo likiwa na mashaka, dadu ndiyo huamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974, nao hutumia dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Dadu za namna hiyo sikuziona katika duka lolote hapa mjini, kwa hiyo nilikata vipande 20 vya boksi, nikaviandika namba, nikavitia katika kopo la maziwa ya unga. Anayetaka kujua bahati yake huingiza mkono na kuchomoa; namba kubwa ndiyo bahati njema.

Wiki ya pili binti mmoja wa kidato cha pili alisimamisha mchezo akidai kwamba tunadhulumiana, kwa kuwa vipande vilivyochomolewa havikuwa vikirudishwa, na namba kubwa zote zilikuwa zimeshatoka. Alisema kweli: kila kipande kina nafasi 5 katika 100 pale tu vyote 20 vinapokuwa ndani. Mwingine akaleta dadu mbili za ludo ili tujumlishe namba zake, ndipo tukagundua kwamba huo ni mchezo tofauti kabisa, maana katika matokeo 36 yanayowezekana, 7 hupatikana kwa njia 6, lakini 2 na 12 kwa njia moja moja tu. Mwalimu wa hisabati alipita dirishani akakuta wanabishana juu ya hilo saa kumi na moja jioni, siku ya Ijumaa, bila kulazimishwa na mtu. Hakusema neno, ila tangu siku hiyo ameacha kuiita klabu yangu “ile ngoma”.

Wazazi watakuja, jiandae. Wakisikia dadu wanafikiri kamari, na wakisikia kwamba mtoto amejifanya mganga wanafikiri mabaya zaidi. Hata huko Marekani, miaka ya 1980, mchezo huu ulishutumiwa kuwa ni wa kishetani. Mimi niliwaalika waje wakae nasi. Waliona kwamba hakuna anayeweka hata shilingi mezani, wakaondoka.

Sasa nikueleze kilichonitoa jasho. Sikutaka mazimwi na ngome za Ulaya, bali nilitaka jambo la hapa petu, nikachagua msafara wa karne ya 19 unaotoka Bagamoyo kwenda Tabora na kulazimika kuvuka Ugogo, nchi ya Wagogo, huku kwetu Dodoma. Unajua jinsi nchi hii ilivyowasumbua wapita njia: kwanza ile nyika ya Marenga Mkali, isiyo na maji, kisha watemi waliodai hongo, yaani ushuru wa njia, wa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya kabla ya kuruhusu msafara kuteka maji na kununua chakula. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote walilipa huku wakinung'unika. Niliandaa kurasa kumi na moja. Nilipanga idadi ya doti za nguo ambazo mtemi angedai, maneno ambayo kirangozi, kiongozi wa msafara, angeyasema, hata mahali ambapo mpagazi angeumwa na nyoka.

Ilikuwa kama kipindi cha kusoma kwa sauti. Kila nilipouliza “Unafanyaje?” walinyoosha mikono, wakasubiri niwachague, kisha wakauliza, “Mwalimu, jibu ni lipi?” Nilikasirika, halafu nikaona aibu, kwa sababu ni mimi na wewe tuliowafundisha kwamba mwalimu akiuliza swali huwa tayari ana jibu lake mfukoni. Kibaya zaidi, yule nyoka wangu alimuua mhusika wa kijana mmoja mkimya ambaye alikuwa ametumia wiki nzima kumtungia historia, na kijana huyo hakuonekana kwa Ijumaa mbili. Nilimfuata darasani nikamwomba radhi. Sasa tuna kanuni kwamba mhusika hafi mpaka mwenyewe aridhie.

Aliporudi, msafara ulikuwa umefika kwa mtemi, na wachezaji wenzake walikuwa wakipanga namna ya kumdanganya ili wapunguziwe hongo. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, “Mwalimu, hayo maji ni ya nani?” Nikamjibu kwamba ni ya watu wa hapo. Akasema kwao ni Bahi, na bibi yake anaeleza jinsi maji yanavyohesabiwa kwa ndoo wakati wa kiangazi; msafara wenye watu mia tano ukinywa kisimani kwa siku tatu, wenyeji watakunywa nini? Akaomba kuhama upande ili awe mzee wa baraza la mtemi. Wawili wakamfuata.

Hapo kurasa zangu kumi na moja zilikwisha kazi. Nilikuwa nimezitunga kutokana na maandishi ya wasafiri, na katika maandishi hayo hongo ni unyang'anyi. Sikuwahi kujiuliza inaonekanaje kwa mtu aliyesimama kando ya kisima. Nilifunga daftari, na kwa saa nzima kazi yangu ilikuwa kuuliza “Unafanyaje?” na kunyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu, rafiki yangu, kuliko kufundisha vipindi vinne mfululizo. Mwishowe walikubaliana kwamba msafara ulipe nusu ya doti zilizodaiwa, na wapagazi wachimbe tope lililoziba kisima cha pili kabla ya kuondoka. Walichomoa kipande ili kujua kama maji yangepatikana. Ikatoka 4. Walipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Upande wa vitendo, meza moja isizidi watu sita. Kwangu walifika 23, nikawafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu kuwa Wasimulizi, nao wanafanya vizuri kuliko mimi kwa sababu hawana mazoea ya kusahihisha. Tunacheza kwa Kiswahili, na wale ambao Kiingereza huwafunga mdomo darasani ndio wanaosema sana hapa. Ukifika Iringa anza na jambo la kwenu, lakini usiandike zaidi ya ukurasa mmoja.

Katika bahasha nimekuwekea vipande 20 vya kuanzia. Kile cha 17 kilipotea, nikakikata upya kutoka boksi nene kidogo, kwa hiyo mkono unaweza kukitambua. Kibadilishe mapema, wangu walichukua wiki moja tu kukigundua, na kwa wiki hiyo hakuna aliyeshindwa lolote.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Mwalimu mwenzako wa Dodoma