Kifurushi chako kipo njiani, Mama Neema

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya alasiri

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo mwenzangu? Baba Neema naye, mguu unaendeleaje? Sisi tunamshukuru Mungu, tu wazima, ila joto la mwaka huu limezidi, na umeme umekatika tangu mchana, kwa hiyo nakuandikia barazani kabla giza halijaingia. Kimya kimekuwa kirefu huku na huko, basi tusidaiane. Mambo ya Mama Jeni na kile kiwanja chake nitakusimulia tukionana, hayaandikiki.

Leo nina shida na wewe. Kesho alfajiri mtoto wa dada atapeleka kifurushi stendi ya Magufuli, kule Mbezi, akipakie kwenye basi la Tanga. Namba ya basi nitakutumia kwa meseji, ukipokee Kange. Ndani mna kopi za hadithi za vijana wangu wa Jumamosi, zimebanwa pini, kila moja ina jina na darasa juu. Naomba uzisome zote. Halafu, na hapa ndipo ninapokubembeleza, kila mmoja umwandikie barua yake. Kwa mkono wako, hata nusu ukurasa. Usimpe alama, usimsahihishie herufi. Mwambie ulipokuwa unasoma uliona nini, wapi ulicheka, wapi ulipotea usijue nani anasema, na kitu gani ulibaki unataka kukijua. Basi.

Najua utasema kwa nini nisiandike mwenyewe. Naandika, lakini mimi wananizoea. Mimi ni madam. Kijana akisikia kwamba kuna mtu Tanga, hamjui wala hana undugu naye, amekaa chini akasoma maneno yake mpaka mwisho, hapo mambo yanabadilika. Nimeliona hilo kwa macho yangu, wala silisemi kwa kukupamba.

Hadithi iliyo juu kabisa ni ya yule binti wa kidato cha pili ambaye mama yake anakaanga samaki. Ianze hiyo kabla ya zote. Mama anatoka nyumbani usiku bado, anakwenda soko la samaki la Feri kuwahi mnada, anarudi, anakaanga, anazungusha mtaani mpaka jioni. Binti hakuandika habari za umaskini, wala hakutuambia mama ana bidii. Ameandika ndoo. Nakunukulia: “Mama akirudi tunasikiliza ndoo. Ikilia, samaki wameisha. Isipolia, tunajua leo tunakula samaki na kesho hakuna nauli.”

Mama Neema, nimefundisha Kiswahili miaka mingi na nimesoma insha za kujaza chumba. Watoto kula samaki ndiyo habari mbaya ya siku! Na hakuna mahali amesema ni mbaya. Amekuachia ujue mwenyewe.

Basi akaipeleka shuleni kwa furaha zake. Mwalimu mmoja, simtaji, na wala si mtu mbaya, ana darasa lililofurika na madaftari ya kusahihisha mpaka usiku, akapiga mstari mwekundu chini ya “ikilia” na kuandika pembeni: ndoo hailii. Mwishoni akaongeza: hakuna utangulizi, hakuna hitimisho. Kwenye kopi wino huo umetoka mweusi, utauona. Jumamosi iliyofuata binti hakuja. Nyingine hakuja tena. Nikamfuata kwao, nikamkuta anasugua sufuria, akaniambia bila hata kuinua uso, “Madam, mimi haya mambo siyawezi.” Mama yake akaniangalia kama anayeniuliza nimemfanya nini mwanawe.

Nitarudi kwake huyu. Ngoja kwanza nikueleze hawa vijana wamefikaje kwangu, maana mara ya mwisho tulizungumza juu juu.

Wengi ni wa sekondari, na wapo watatu walioacha shule, wanauza maji na karanga stendi ya Rangi Tatu. Tulikuwa tunakutana kwenye darasa la shule moja mpaka tukaambiwa darasa ni la masomo yanayotahiniwa. Sasa tunakaa uani kwa Bi Mkubwa, chini ya mwembe, kila mtu na kauntabuku lake. Siku ya kwanza nilisema andikeni hadithi. Zote zikaanza “Hapo zamani za kale”. Mtoto wa Kizuiani, hajawahi kulala nje ya Temeke, ananiandikia mfalme, binti mfalme na msitu mnene! Mwingine kaandika habari za kijiji chenye mto na milima, nikamuuliza ni wapi, akasema hajui, ndivyo hadithi zinavyokuwa.

Na siwalaumu. Wewe na mimi tumekaa kwenye mitihani hii. Darasa la saba kuna sehemu inaitwa kabisa Utungaji, na kazi ya mtoto ni kupewa sentensi nne zilizovurugwa azipange kwa kuzipa herufi A, B, C, D. Sentensi zenyewe katunga mtu mwingine! Akifika sekondari anaingia kwenye uhakiki. Dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi, fani na maudhui, atakutajia hata ukimwamsha usingizini. Uhakiki ni kitu kizuri, naupenda na nimeula maisha yangu yote. Lakini kijana anaweza kumaliza kidato cha nne anajua kumpasua mwandishi vipande vipande, na hakuna aliyewahi kumwambia: haya, na wewe sasa andika, tukusome.

Nikabadilisha. Nikawaambia mkija Jumamosi ijayo, kila mmoja aje na maneno ya konda wa daladala aliyoipanda, neno kwa neno, na kitu kimoja alichokuwa nacho abiria wa jirani. Ungekuwepo! Kuna aliyeandika mzee aliyepakata feni kuukuu, ikawa kila breki inazunguka yenyewe na abiria wanacheka, na mzee anaipapasa ile feni kama mjukuu. Mfalme akaondoka siku hiyo hiyo, sijamwona tena.

Halafu nikagundua kitu ambacho nilitakiwa nikijue siku zote kwa kuishi mtaa huu. Niliuliza nani kati yenu anapenda kuandika, wavulana wakainamisha vichwa. Nikauliza nani anaandika mistari, mikono ikajaa. Wana madaftari ya mashairi ya bongo fleva na singeli wameyaficha chini ya godoro, wanahesabu mizani kwa kupiga vidole na hawajui kama hizo ni mizani. Na wasichana nao, nusu yao wanasoma simulizi za kwenye WhatsApp, zile za sehemu ya kwanza mpaka ya arobaini, pale utamu unapokolea unaambiwa itaendelea, tuma hela upate kipande kinachofuata. Kuna walimu wanazibeza. Mimi nimezisoma kadhaa. Nyingine ni mapenzi na machozi matupu, lakini mtu anayeweza kumfanya binti akose usingizi anangoja sehemu ya kumi na mbili ana ufundi wa kufundishwa darasani. Wazee wetu walingoja hadithi za mfululizo magazetini vilevile, unamkumbuka mjomba wako na gazeti lake la Jumapili? Kwa hiyo tusiseme vijana hawaandiki. Wanaandika usiku, kwenye simu, bando likiruhusu. Wanachokosa ni mtu wa kukaa nao na kuwauliza: huyu aliondoka akaenda wapi? Mbona mama yake hasemi kitu?

Baba mmoja alinifuata mpaka uani. Akaniuliza kwa heshima zote, “Mwalimu, hii andika andika italeta ugali?” Nilimjibu kwamba sijui kama mwanawe atakuwa mwandishi. Ninachojua ni kwamba siku akidhulumiwa kazini ataweza kukaa akaandika nini kilitokea, lini, nani alisema nini, na anayesoma akaona. Alitikisa kichwa akaondoka, lakini mtoto bado anakuja. Sikumwambia lingine ambalo ni kubwa zaidi, kwamba kijana akiandika jambo lililomkaa kifuani... Utanielewa. Utaikuta kwenye hadithi ya sita, ya yule wa karanga.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nayo wameisikia, ile inayotolewa 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Naiunga mkono kabisa. Serikali kumpa mwandishi wa Kiswahili zawadi na kumchapishia mswada wake ni jambo tulilolililia tangu tuko chuo. Ila wavulana wawili wameacha hadithi fupi wanataka riwaya moja kwa moja, na zawadi wameshaipangia matumizi. Nimewarudisha taratibu. Tuzo inamngoja mtu mwenye mswada mzima, na hakuna mswada mzima bila kurasa nyingi mbovu ambazo mtu fulani alizisoma kwa upole.

Mwingine akaniuliza habari za Abdulrazak Gurnah. Tangu apate Nobel mwaka 2021 jina lake wanalijua. “Kwa hiyo madam, mpaka mtu aende Uingereza ndiyo aandike?” Swali zito hilo, lilinikaa siku nzima. Nikamwambia huyu mzee aliondoka Zanzibar kijana mdogo, akaishi huko miaka yote hiyo, na bado vitabu vyake vinarudi pwani hii hii, kwenye maduka, mashua na mabaraza. Macho aliyapatia hapa. Na wewe hapa unapo tayari, nauli ya Uingereza huihitaji.

Nao huwa nawasomea Shaaban Robert, jirani yako. Vibambani alikozaliwa si hapo hapo Machui? Siwasomei riwaya zake, hizo watazikuta. Nawasomea barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, zile za kati ya 1931 na 1958 ambazo TUKI, ile Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilizitoa kitabu mwaka 2002. Vijana wanashangaa kwamba mtu mkubwa namna ile alikuwa karani wa forodha, ana shida za fedha na za kuhamishwa kazi, na anaandika. Mimi kinachonigusa ni yule wa upande wa pili. Miaka yote hiyo kulikuwa na mtu mmoja anayefungua bahasha. Sidhani kama ni jambo dogo kwa mwandishi, hata akiwa Shaaban.

Ndiyo maana nimekufikiria wewe. Ungesoma tangazo la mbolea ukapata cha kusema, ndivyo ulivyo. Chuoni mimi nilikuwa nakupa beti zangu unazirudisha na maswali pembeni kwa penseli, na kila swali lilinifanya niandike ukurasa mwingine.

Sasa huyu binti wa samaki. Barua yake iandike ya kwanza, tafadhali, na uitume peke yake, usingoje kumaliza nyingine. Sitaki umwambie mwalimu wake amekosea, hapana, hilo litamletea shida shuleni. Mwambie kuhusu ndoo tu. Mwambie umeisikia. Muulize siku ndoo isipolia, nani anagawa samaki, na mama anakula kipande gani. Akijibu hilo swali ameshaanza hadithi ya pili, na hatajua kama ameanza. Mitihani ya kidato cha pili inakaribia, na mama yake anamtaka jioni kwenye karai, nafasi ni finyu. Kila nikipita pale kwao namwona, ananiamkia “Shikamoo madam” na kuingia ndani. Roho inaniuma.

Basi niambie: utaweza? Macho yako yanaruhusu, au nichape zile zenye mwandiko wa kunguru? Neema bado anaandika zile shajara zake, au kazi za benki zimemmaliza? Anaweza kuchukua mbili tatu akusaidie? Lile sanduku la vitabu vya chuo bado lipo uvunguni, au Baba Neema alishaligawa? Kama lipo, kuna riwaya za zamani ambazo ungeweza kuniazima? Huku Posta vitabu vya mtumba vinapatikana chini pale barabarani, lakini vya Kiswahili vizuri vinawahiwa mapema. Na likizo ya Desemba mnakuja au mnakwenda Korogwe? Mkija, utakaa nasi uani Jumamosi moja? Nauli ya daladala mpaka Rangi Tatu juu yangu, na chai ya Bi Mkubwa unaijua.

Msalimie sana Baba Neema, na mama mkwe. Ukipokea kifurushi nibipu tu, nitapiga.

Wako akupendaye,
Mama Asha

Nimesahau: bahasha zimo humo humo, zina stempu tayari. Ile ya binti nimeiwekea anwani ya kwangu, nitampelekea kwa mkono.