Barua ya malalamiko: vipuri asilia vya Peugeot 404 mlivyoviuza kwa kilo

Kwa Meneja Mkuu,
Karakana ya Magari ya Kale,
Dar es Salaam.

YAH: KUONDOLEWA NA KUUZWA KWA VIPURI ASILIA VYA PEUGEOT 404 YA MWAKA 1966 BILA IDHINI YA MWENYE GARI

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Nawaandikia kwa heshima, na naomba mtambue kwamba nimeiahirisha barua hii kwa siku tisa kwa sababu kila niliposhika kalamu, maneno yaliyonijia hayakufaa kuwekwa kwenye karatasi. Niliwakabidhi gari la marehemu baba yangu ili mlihifadhi. Mmenirudishia gari jipya ambalo sikuliomba, mkanidai fedha za kazi ambayo sikuiagiza, na vipuri vilivyokaa ndani ya gari hilo kwa karibu miaka 60 mmeviuza kwa muuza chuma chakavu.

Kanuni zenu mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo sitazinakili hapa. Nitasema tu kwamba ile inayokataza kutoa kipuri asilia bila saini ya mwenye gari, iliyotundikwa mapokezi kwenu, ndiyo iliyonitoa Tanga na kunifanya nilipie lori la kulibeba gari hadi Dar es Salaam, ilhali mafundi wapo hapa hapa mtaani kwangu. Fomu ya kazi ilitaja silinda za breki na mipira yake, hosi za rejeta, nyaya zilizochunika nyuma ya dashibodi, na matairi. Chini yake niliandika kwa mkono wangu: "Visivyoharibika visiguswe. Vitakavyotolewa virudishwe vyote." Mpokeaji wenu alisaini chini ya maneno hayo. Nakala nimeiambatisha.

Jumamosi niliyokuja kulichukua gari, msimamizi wenu wa karakana alinipeleka uani akaniambia nifurahi. Sikulitambua. Nilimwuliza kwa utulivu vipuri vyangu viko wapi. Akaingia stoo, akatoka na kiroba cha unga, akakimimina sakafuni mbele ya miguu yangu. Kilitoka kitovu cha feni, kirungu cha mkono wa gia, na vipande vya ngozi bandia ya viti. Akasema: "Mama, haya ni makapi. Mengine tumeshayapima kilo." Kisha akanipa ankara ya nyongeza ya shilingi 2,850,000.

Ndugu Meneja, huenda mkadhani nagombana na usafi, au kwamba mimi ni mtu asiyetaka gari lake lipendeze. Sivyo. Najua kwamba mpira huoza na kwamba breki haziendi kwa mapenzi ya mwenye gari. 404 ya mwaka wangu ina breki za ngoma magurudumu yote manne, na silinda ikivuja hakuna kumbukumbu itakayoisimamisha. Ndiyo maana silinda, hosi na matairi niliviandika mwenyewe kwenye fomu. Lakini kubadilisha kilichochoka kwa ajili ya usalama ni jambo moja, na kuondoa kilichozeeka kwa sababu tu kimezeeka ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni matunzo. La pili linahitaji ruhusa, kwa kuwa likishafanyika halirudi: rangi ya kiwandani ikishasagwa kwa msasa, hakuna fundi wala fedha itakayoirudisha kuwa ile rangi iliyopuliziwa mwaka 1966. Gari huwa asilia mara moja tu.

Hilo si wazo langu la nyumbani. Kanuni zenu zenyewe zinaitaja Hati ya Turin ya FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa mwaka uleule gari langu lilipotengenezwa. Hati hiyo inatofautisha kuhifadhi na kukarabati, inataka kila kazi iandikwe, na inataka kipuri kipya kitiwe alama ya kudumu ili mtu wa baadaye ajue kipi ni cha asili na kipi kimeongezwa. Nimelikagua gari boneti hadi buti. Sikuona alama hata moja. Nimeomba daftari la kazi mara tatu, na mara zote nimeambiwa fundi aliyelishika yuko safarini.

Nianze na feni, maana ndiyo inayoniuma zaidi kwa upande wa ufundi. Feni ya 404 haizunguki muda wote. Peugeot waliitengeneza ijiunge na ijitenge yenyewe kwa sumaku ya umeme: maji yakipata moto inashikwa na kuzunguka, yakipoa inaachiwa, ili injini isibebe mzigo bila sababu. Ulikuwa ubunifu mkubwa kwa gari la kawaida la zama zile. Fundi wenu aliwasha injini ikiwa ya baridi, akaona feni imetulia, akaandika "feni mbovu", akaing'oa na kufunga feni ya umeme ya gari dogo la Kijapani, kisha akatoboa fremu ya rejeta matundu manne ili aishikilie. Feni yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi yake. Karakana inayojitangaza kwa magari ya kale, isiyojua jinsi feni ya 404 inavyofanya kazi, ilipaswa kuniuliza kwa simu kabla ya kushika spana, na mimi ningejibu ndani ya dakika moja.

Kabureta ya Solex nayo imetoweka. Ilihitaji kufunguliwa, kuzibuliwa jeti na kubadilishiwa gasketi, kazi ya asubuhi moja. Mmeweka mpya ya aina nyingine, na injini ile ya sentimeta za ujazo 1,618, iliyolazwa ubavu kwa nyuzi 45 na ambayo haikuwahi kunisumbua, sasa inakohoa kila nikipanda mlima. Viti mmevishona upya kwa kitambaa cheusi. Rangi, iliyokuwa nyeupe na ikageuka taratibu kuwa rangi ya pembe, mmeisaga yote, mkapiga puti na kupuliza nyeupe inayong'aa kama sahani.

Kwenye ukingo wa dirisha la dereva palikuwa na sehemu iliyolika hadi kuonyesha rangi ya chini. Ni mahali alipokuwa akiegemeza kiwiko baba yangu, mhasibu wa shamba la mkonge, kila siku kati ya Korogwe na Tanga. Niliwaonyesha watu wenu mahali pale siku ya kukabidhi gari. Niliweka kidole changu hapo. Nilisema: "Hapa msipaguse." Pamepigwa puti.

Baba hakuinunua 404 kwa fahari. Aliinunua kwa sababu barabara zetu zilikuwa zimeshatoa ushahidi. Mwaka 1963, katika mashindano ya magari ya Safari Rally ambayo magari saba tu yalimaliza, Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa 404. Mwaka 1966 wakashinda Bert Shankland na Chris Rothwell, watu wa kwetu Tanzania, na mwaka 1967 wakarudia, tena kwa 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakaichukua tena, na mwaka huo pia waliomaliza walikuwa saba. Naeleza haya kwa sababu msimamizi wenu aliniambia kwamba gari hili "halina historia yoyote, ni teksi tu ya zamani". Ni kweli kwamba 404 nyingi katika Afrika Mashariki zilikuwa teksi na magari ya abiria, zikafanya kazi hadi zikaisha. Ndiyo sababu iliyobaki na kabureta yake, feni yake, viti vyake na rangi yake ni adimu, na ndiyo sababu mashindano mengi ya magari ya kale duniani siku hizi yametenga daraja la magari ambayo hayajakarabatiwa. Gari langu lilikuwa na haki ya kusimama katika daraja hilo. Sasa haliwezi tena.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi ile nilipiga simu nikiomba picha. Nilitumiwa picha ya magurudumu. Nikaomba ya ndani ya boneti, nikaambiwa "usiwe na wasiwasi, utashangaa mwenyewe". Kumbe wakati huo rangi ilikuwa imeshasagwa. Tarehe ya risiti ya puti mliyoniambatishia kwenye ankara inaonyesha hivyo, na inaonyesha kwamba kazi ya bodi ilianza siku ya nne tangu niwakabidhi gari, kabla hata silinda za breki hazijafunguliwa. Yaani kile nilichokiomba kilisubiri, na kile nilichokikataza kilitangulizwa.

Narudi kwenye Jumamosi ile, kwa sababu barua pepe ya idara yenu ya huduma imeliita tukio hilo "kutoelewana kidogo", na mimi sitaliacha liitwe hivyo. Nina umri wa miaka 61. Msimamizi wenu ni kijana wa rika la mwanangu wa mwisho. Hakuniamkia. Alikuwa na wateja wengine wawili pembeni, na aliyasema maneno yake akiwatazama wao, siyo mimi. Alipokimimina kile kiroba, kitovu cha feni kilibiringika kikagonga kiatu changu, na nilipoinama kukiokota alikisukuma kwa mguu kukirudisha kwenye fungu, akasema: "Mama, haya ni makapi. Mengine tumeshayapima kilo." Mmoja wa wale wateja alicheka. Nilibaki nimeinama pale kwa muda ambao siwezi kuukadiria, mkono wangu juu ya sakafu yenye oili, nikijiambia kwamba nikiinuka haraka nitalia, na sikutaka kulia mbele yake. Kijana mmoja anayejifunza kazi, ambaye jina lake sikuliuliza, ndiye aliyekuja, akakiokota kitovu, akakifuta kwa tambara lake, akanipa kwa mikono miwili na kusema "pole, mama". Naomba kijana huyo asiadhibiwe kwa ajili ya barua hii. Ndiye mtu pekee katika karakana yenu aliyeelewa kwamba kitu kile kilikuwa na mwenyewe.

Nililipa shilingi 4,200,000 tulizokubaliana, na nikalipa pia ile nyongeza ya 2,850,000, kwa sababu niliambiwa kwamba gari halitatoka getini bila fedha hiyo na lori la kunirudisha Tanga lilikuwa linasubiri nje kwa malipo ya kila saa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai mambo mawili tu: mrudishe ile nyongeza ya 2,850,000, na mfuatilie kwa muuza chuma chakavu vipuri vyangu, hasa kabureta, mabapa ya feni na vifuniko vya magurudumu vyenye alama ya simba, maana vitu vya aina hiyo haviyeyushwi siku moja na bado huenda viko kwenye lundo. Madai hayo nayasimamia. Lakini jana jamaa yangu alipita kwenu akanitumia picha ya ukuta wa mapokezi: gari langu, la zamani na la sasa, chini ya maneno "Kabla na Baada". Ile ya kabla mliipiga siku niliyowakabidhi, kiwiko cha baba kikiwa bado kinaonekana mlangoni. Mnaitumia kunadi uharibifu wenyewe.

Kwa hiyo sasa nadai shilingi 7,050,000 zote, kwa sababu hata kazi niliyoiagiza siwezi tena kuiamini bila fundi mwingine kuifungua na kuikagua, na gharama za ukaguzi huo pia ni juu yenu. Nadai picha zile ziondolewe leo hii mnapoisoma barua hii, na ile ya "kabla" niletewe mimi, kwa kuwa ndiyo ushahidi pekee uliobaki wa gari lilivyokuwa. Nadai jina na mahali alipo muuza chuma chakavu, pamoja na stakabadhi ya mauzo. Mali iliyouzwa ilikuwa yangu na sikuwahi kumpa mtu yeyote idhini ya kuiuza. Nadai pia barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe mwenyewe, Ndugu Meneja Mkuu, siyo na idara ya huduma, na isitumie neno "kutoelewana".

Nilikuwa nimeandika siku 14. Nimezikata. Nawapa siku saba tangu tarehe ya kupokea barua hii. Siku ya nane nitawasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, nikiambatisha fomu yenye saini ya mpokeaji wenu, risiti ya puti na picha ya ukuta wenu, na wakili wangu hapa Tanga ameshaelekezwa kuandaa hati ya madai mahakamani, ambamo kuuza mali ya mteja bila idhini yake kutatajwa kwa jina lake halisi. Kitovu cha feni ninacho. Nimekifunga kwa kitambaa na nitakuja nacho mahakamani.

Wako mteja,
Mwenye Peugeot 404 ya mwaka 1966,
Tanga.

Nakala: Wakili wangu, Tanga.
Viambatisho: nakala ya fomu ya kazi, ankara mbili, risiti ya puti, picha ya ukuta wa mapokezi.