Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mwalimu ajibu nini akiulizwa siasa darasani?

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa Uraia katika sekondari ya serikali. Nimeshika chaki tangu 1996 na kustaafu hakuko mbali. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili ni la walimu wengi, ila tunalizungumza ofisini mlango ukishafungwa.

Kila uchaguzi ukikaribia, yupo mwanafunzi atakayenyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, wewe utampigia nani?" Darasa linanyamaza ghafla. Hata wale wa nyuma waliokuwa wanasinzia wanainua vichwa. Kwa kidato cha sita swali hilo si mzaha, maana wengi wao wameshatimiza miaka 18 na kura wanapiga. Wanataka kujua mtu mzima wanayemwamini anaamuaje.

Nianze na kosa langu, usije ukadhani naomba mwalimu aachiwe aseme lolote. Mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba likiwa Dodoma, ubishi wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar kuwa na serikali mbili au tatu ulikuwa kila kijiwe. Rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ile ya Jaji Warioba, ilipendekeza tatu, na mimi nilikuwa mtu wa tatu kwelikweli. Nikaingia kidato cha tatu, nikaueleza Muungano kwa mfano wa nyumba waliyorithi ndugu wawili. Mdogo, yaani Zanzibar, ana chumba chake chenye mlango na kufuli. Mkubwa, yaani Tanganyika, hana chumba, analala sebuleni, na mgeni akibisha hodi hajui anaitika kama mwenye sebule au kama msimamizi wa nyumba nzima. Wanafunzi walicheka, wakapiga makofi. Nilitoka nikijiona nimefundisha.

Wiki iliyofuata nikawapa insha. Madaftari 43. Nilisahihisha usiku kwa taa ya sola, na nilipofika daftari la kumi na tano nikaweka kalamu chini. Karibu kila daftari lilikuwa na nyumba ile ile, sebule ile ile, kufuli lile lile, vyote vimegeuzwa Kiingereza cha kubahatisha kwa kuwa somo letu hufundishwa kwa lugha hiyo. Sikuwa nimewafundisha kufikiri. Niliwasomea imla.

Wanafunzi watatu tu ndio walitetea serikali mbili. Mmoja wao, binti mpole wa dawati la mbele, aliandika ukurasa mzima wenye hoja nzito kuliko zangu: gharama, mgawanyo wa mapato, hatari ya serikali ya tatu kukosa watu wa kuitii. Kisha chini kabisa, kwa penseli, akaandika: "Samahani mwalimu."

Mheshimiwa, daftari lile sijalisahau. Mtoto ananiomba radhi kwa kuwa na maoni yake, na tunafundisha Ibara ya 18 ya Katiba inayosema kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Aliniomba radhi kwa sababu kalamu nyekundu ninayo mimi, na alama ninazotoa zinaingia kwenye matokeo yake. Mwalimu si jirani wa kubishana naye kahawani. Anachosema kinabeba uzito ambao mwenyewe hausikii.

Mwaka uliofuata nilibadilika. Nilitia vikaratasi kwenye kofia, kila mmoja akachota upande wa kutetea, na kipindi kilichofuata wakabadilishana pande. Wakianza kwa Kiingereza, baada ya dakika tano wote wamerudi kwenye Kiswahili na hoja zinatiririka. Maoni yangu niliyaweka hadi siku ya mwisho. Wakiniuliza, nawaambia, kisha nawapa hoja mbili kali kabisa za wanaonipinga. Baadaye nilisoma kwamba Ujerumani Magharibi, wataalamu wa elimu ya uraia walikutana Beutelsbach mwaka 1976 wakafikia jambo linalofanana na hilo: mwalimu asimzidi nguvu mwanafunzi kwa maoni yake, na linalobishaniwa katika jamii libishaniwe pia darasani.

Basi ni kipindi hicho, nilichokifanya vizuri, ndicho kilichoniletea matatizo. Mkuu wa shule aliniita. Kuna mtu kalalamika kwamba nafundisha siasa. "Mwalimu, hayo yaache, fundisha mada." Mada yenyewe ilikuwa kwenye muhtasari wa somo!

Na muhula ule ule wanafunzi wetu walitolewa madarasani kwenda kujipanga barabarani kumsubiri mgombea. Walisimama tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane, wengine wamevishwa kofia za chama juu ya sare za shule. Vipindi vya siku nzima vilipotea. Hilo hakuna aliyeliita siasa.

Mimi kizazi changu kilisoma somo lililoitwa Siasa, enzi za chama kimoja, na kila swali lilikuwa na jibu moja. Mwaka 1992 tukaingia vyama vingi, Uraia ukachukua nafasi ya Siasa. Jina lilibadilika, hofu ya jibu la pili ingali pale pale. Mwalimu Nyerere alilazimika mwaka 1955 kuchagua kati ya kufundisha shule ya Pugu na kuongoza chama cha TANU, akaacha ualimu. Wapo wanaonitajia habari hiyo kuninyamazisha. Lakini ni yeye huyo huyo aliyeandika katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, kwamba shule imjenge mtu mwenye akili ya kudadisi. Kuongoza chama na kufundisha watoto kudadisi ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili ndiyo niliyoajiriwa kuifanya.

Ninachoomba ni waraka mmoja usio na mafumbo. Useme kwamba kujadili jambo linalobishaniwa, pande zote zikasikika, si kosa la kinidhamu. Useme mwalimu hapigii kampeni chama wala mgombea darasani, wala hamwekei mtoto alama kwa msimamo wake, lakini akiulizwa kwa dhati, baada ya pande zote kusikika, anaruhusiwa kujibu. Na useme hakuna mwanafunzi atakayetolewa darasani kwenda kupamba msafara wa mwanasiasa, awe wa chama chochote.

Yule binti wa penseli juzi alinipigia simu. Sasa naye ni mwalimu, ndio kwanza anaanza, na amepangiwa Uraia. Aliuliza, "Shikamoo mwalimu. Wakiniuliza nampigia nani, nijibuje?" Nilimweleza ninavyofanya mimi, kofia na vikaratasi vyake. Kisha nikamwonya asithubutu kabla hajamjua vizuri mkuu wake wa shule. Lile onyo, Mheshimiwa, ndilo lililoninyima usingizi nikaamka kukuandikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Uraia