Mlevi asiyekosa kazini

Mhariri,

Waajiri wengi humtambua mlevi kwa utoro. Wapo wasiokosa hata siku moja, kwani mwili uliozoea pombe hauyumbi, ingawa ini linaumia vilevile.

Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, na mwili huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyeanza saa mbili usiku akanywa sita, damu yake haisafiki kabla ya saa mbili asubuhi, pengine hadi saa saba mchana. Kahawa haiharakishi chochote. Huyo ndiye anayeshika usukani au mashine!

Jambo linalonitia hofu zaidi ni bosi kumwamuru aache ghafla. Kwa mnywaji wa kila siku, mikono hutetemeka saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho. Degedege huweza kumpata ndani ya saa 48, kisha kuweweseka. Watu hufa hivyo. Mpeni ruhusa ya ugonjwa, aende hospitali apewe vitamini B1 na dawa za kutuliza zinazopunguzwa taratibu kwa siku kadhaa.

Mhudumu wa afya kazini