Barua kwa mwanangu: jedwali lako la Kwale

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Mamako anakusalimu, na anasema ukija mwisho wa mwezi usisahau mchele wake.

Lile jedwali la viwango vya elimu vya watu wazima mliloandaa huko kaunti ya Kwale nimelisoma, nikalirudia. Pembeni umeandika kwamba watu wa Kinango "hawakujali shule". Hapo futa. Nimefundisha ngumbaru, yale madarasa ya watu wazima, huko mpaka nikastaafu, na sikumwona asiyetaka kusoma. Niliwaona watu ambao karo iliwashinda, au shule ilikuwa mbali na mbuzi wanangoja kuchungwa.

Anza na umri. Mwaka 1974 Kenyatta aliondoa karo kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, lakini mara shule zikaleta michango ya majengo, na mzee asiyekuwa na cha kuuza akachagua mtoto mmoja wa kumpeleka. Aghalabu mvulana. Elimu ya msingi ilikuja kuwa bure yote Januari 2003, Kibaki alipoingia. Sasa mama aliyehesabiwa kwenye sensa ya Agosti 2019 akiwa na miaka 45, mwaka huo wa 2003 alikuwa anakaribia thelathini na ana watoto. Unamlaumu kwa lipi?

Halafu hilo "darasa la saba" lako. Kabla ya 8-4-4, mfumo wa miaka minane ya msingi, kuingia mwaka 1985, la saba ndilo lilikuwa mwisho wa msingi. Mtu alifanya CPE, mtihani wa kumaliza msingi, akikosa nafasi ya sekondari alirudi nyumbani akiwa amemaliza. Mdogo wake aliyeacha la saba mwaka 1990 hakumaliza. Nyinyi mmewatia safu moja! Na watoto wa leo msingi wao unaishia gredi ya sita, kwa hivyo miaka ishirini ijayo mwenzako atavurugika zaidi. Wapange kwa miaka ya kuzaliwa.

Nyanyako naye umemtia kwa wasio na elimu. Ni kweli shuleni hakuenda. Lakini alikwenda chuoni kwa maalim, Qur'ani anaisoma, na ami yako alipokuwa Mombasa, nyanyako alimwandikia barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kinyume chake, wapo waliofika la sita ambao tangazo la chifu liliwashinda. Ndiyo maana mimi nauamini zaidi ule uchunguzi wa kisomo wa 2006 na 2007: haukuishia kuuliza ulifika darasa gani, ulimpa mtu maandishi. Kitaifa walifaulu asilimia 61.5, Nairobi 87.1, Kaskazini Mashariki 8.

Unajua ni nini kilichonijazia darasa miaka ya mwisho? M-Pesa. Mama mmoja muuza makuti alikuwa akimpa simu kijana wa dukani amsomee meseji, na namba ya siri anamtajia hapo hapo, watu wamesimama. Pesa zikawa zinapungua. Alipokuja kwangu hakutaka a-e-i-o-u. Alitaka tarakimu na neno "umepokea". Nikaanzia hapo, na wenzake wakamfuata.

Wengi waliacha masomo njiani, nami sitakuficha sababu: macho. Mtu ana miaka 50, ubao anauona vizuri, kitabu anakisogeza mpaka mkono unaisha. Anaona haya kusema, anasingizia shamba, harudi tena.

Najua utaambiwa elimu ya watu wazima ni kazi ya serikali ya kitaifa, kaunti yenu ni chekechea na vyuo vya ufundi. Lakini afya si iko kwenu? Basi ukishapanga upya hilo jedwali, pitia kwa wenzako wa afya uniulizie miwani ya kusomea, hata ile ya bei rahisi. Mwalimu aliyeshika darasa langu ana wanafunzi wanaoihitaji wiki hii.

Babako