Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma): tunaomba mwalimu wa kozi moja

Mheshimiwa Profesa,

Shikamoo.

Najua barua ya mwanafunzi hupitia kwa mkuu wa idara. Yangu ilipitia, mara mbili. Nakala ninayo, na mhuri wa masijala wa mara ya pili umegongwa juu kabisa ya saini yangu. Sasa naandika hadharani, uniwie radhi.

Jumatatu hii tulikaa darasani tangu saa tatu asubuhi, watu 21, tukisubiri kipindi cha Lugha na Sheria. Saa nne kasorobo akaingia mama wa usafi na fagio lake, akatushangaa. "Wanangu, hii kozi si imefutwa?" Yeye ndiye aliyetutangazia, Profesa. Tangazo la idara lilifika saa nane mchana kwenye kundi la WhatsApp: haitafundishwa, chagueni nyingine kabla ya Ijumaa.

Mwaka wa pili niliambiwa itakuja mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu, mwalimu yuko masomoni. Sasa niko mwaka wa nne, na sijasikia kama mna mpango wa kuanzisha wa tano.

Kitabu cha mwongozo wenyewe kinapendeza. Ukurasa wa kozi za hiari ni kama menyu ya hoteli ya kitalii: Lugha na Sheria, Sera ya Lugha, Sanaa na Utambulisho wa Jamii, Jinsia na Sera za Umma. Ukiagiza, unaambiwa leo kuna wali maharage tu.

Naing'ang'ania hii moja kwa sababu ya mama yangu. Mwaka 2019 alirudi kutoka kwenye kesi ya shamba na hukumu ya kurasa kumi na moja, Kiingereza kitupu, ameifunga kwenye pindo la khanga. Nilikuwa kidato cha tatu. Nikamsomea kwa kamusi, kibatari katikati yetu, na nilipofika penye gharama za kesi nikamwambia ameshinda, atalipwa. Tukachinja kuku. Kumbe kesi imetupwa, na wa kulipa gharama ni yeye. Tulipokuja kuelewa, muda wa kukata rufaa ulikuwa umekwisha.

Mwaka 2021 Bunge likarekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilishangilia kama mtu aliyefunga goli. Nikaja kwenu kusomea sheria. Hadi leo sijaandika hati ya madai hata moja kwa Kiswahili. Tofauti ya hukumu, amri na tuzo za mahakama naieleza vizuri, ila kwa Kiingereza. Hizo hukumu za Kiswahili ataandika nani, kama sisi tunaoandaliwa tunafundishwa kumwandikia mama yangu kile kile alichoshindwa kukisoma?

Sababu hamjatuambia. Wengine wanasema mwalimu alihamia serikalini na nafasi yake haijajazwa. Wengine wanasema watu 21 ni wachache mno. Mimi naona madarasa yanavyojaa jioni kwa kozi fupi za kulipia, basi nafanya hesabu zangu kimya kimya. Kama nimekosea, nisahihishwe.

Siku mliyotupokea ulisimama ukumbini ukasema kozi za hiari ndizo zitakazotutofautisha na wahitimu wa vyuo vingine. Nilipiga makofi. Nilikuwa safu ya nyuma, labda hukuyasikia.

Hiyo "nyingine" tunayoambiwa tuchague inagongana na kipindi cha lazima. Nikijaribu kuisajili, mfumo unakataa. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, halijatoka, na nimeshakopa hela nikadurufu kurasa 140 za kozi ambayo haipo. Zipo chini ya godoro hosteli.

Hatuombi jengo, Profesa, wala hatuombi kozi zote za kwenye menyu. Tunaomba mwalimu mmoja. Hata wa muda, hata hakimu mstaafu anayeweza kuja Jumamosi. Viti tutapanga wenyewe, na mama wa usafi tumeshazoeana naye.

Mfumo unafungwa Ijumaa saa sita usiku. Sijabadilisha kitu. Kwenye fomu yangu bado pameandikwa Lugha na Sheria.

Tunaomba mwalimu.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa nne